UZI: Uso wa umande kwenye joto la Dar, bila kuonekana umetoka kukaanga mihogo

BintiPoda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kina kaka mnaopita, piteni kwa amani, ila mkikaa mtajua kwa nini mnasubirishwa sebuleni saa nzima.

Inboksi yangu imejaa swali moja: "Dada, nataka ule uso unaong'aa kama umenyunyiziwa maji, lakini nikijaribu mwenyewe naonekana nimejipaka mafuta ya kula." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, mwenye swali aulize hapa hapa. Ni ndefu, chemsha chai kabisa.

Kwanza mjue nilikotoka. Kazi ya kupamba nimeijulia Njombe. Aliyewahi kukaa Njombe mwezi wa Juni au Julai anaelewa: baridi inauma, midomo inapasuka, ngozi inapauka kama imepigwa majivu. Bibi harusi wa kule unampaka losheni nzito, unaongeza tone la mafuta, faundesheni ya majimaji, hailaita (kile cha kung'arisha mifupa ya uso) ya krimu juu, na anatoka kanisani anang'aa kama tunda lililooshwa sasa hivi. Nikahamia Dar nikidhani nimekuja na ujuzi mzima mzima.

Bibi harusi wangu wa kwanza mjini ilikuwa Januari, Tabata, chumba hakina kiyoyozi, feni moja inazunguka kwa kujivuta. Nikampamba vilevile kama wa Njombe. Saa nane mchana alikuwa mzuri mpaka mama yake akatoa machozi. Saa kumi, ufukweni kwenye picha, pua imebaki tupu, kidevu kimeteleza, kope moja ya kubandika inaning'inia. Picha zile anaonekana kama mtu aliyekuwa anakimbizwa. Hela yangu iliyobaki sikulipwa, na sikuwa na uso wa kudai.

Tangu siku hiyo naipanga kazi kinyume. Kwa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, mng'ao haununuliwi. Unao tayari, unatoka wenyewe kwenye vinyweleo kuanzia saa nne asubuhi. Unachotakiwa kuamua ni wapi uso USING'AE. Mengine yote nitakayoandika yanatoka hapo.

Mnaowafuata Wakorea mtandaoni, wao wana neno lao, chok-chok, yaani unyevunyevu, ngozi iliyoshiba maji. Wanapaka tabaka nyepesi nyingi, seramu juu ya seramu, na ngozi inakuwa kama kioo. Ni kazi nzuri, siikatai. Lakini Seoul wakati wa baridi hewa ni kavu na maji yanaganda. Inafanana na Makete ya Njombe kuliko Kariakoo. Ukiyabeba yale matabaka yao yote ukapanda nayo daladala ya Gongo la Mboto saa saba mchana, ukishuka yameishia kwenye kola ya blauzi.

---

BintiPoda

Naendelea.

Ngozi inang'aaje? Fikiria sakafu. Sakafu ya zege mbichi haing'ai hata uimulike kwa tochi, kwa sababu ina vishimo na mwanga unatawanyika kila upande. Ipige niru, iwe laini, mwanga unarudi pamoja na inang'aa. Sasa ile ya zege mwagie maji. Maji yanajaza vishimo, nayo inang'aa mpaka yakauke. Ngozi ni hivyo hivyo. Ikiwa kavu ina magamba madogo usiyoyaona, ndiyo maana inapauka. Ukiyalainisha na kuyajaza unyevu, mwanga unarudi. Poda inafanya kinyume chake: inanyonya mafuta na kuutawanya mwanga. Kwa hiyo poda ni kifutio. Unafuta nayo mng'ao pale usipoutaka, basi. Anayejimwagia poda uso mzima halafu anatafuta hailaita ya kuurudisha mng'ao, amefuta barua nzima ili aandike neno moja.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Usiku wa kuamkia shughuli, nawa uso na sugua kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, mwendo wa duara, bila hasira. Usijaribu kitu kipya usiku huo. Wala usisugue kwa chumvi au sukari ya mawe, unachubuka, na mekapu juu ya mchubuko haikai.

Asubuhi, nawa, kausha kidogo tu, uso ukiwa bado una unyevu paka seramu yenye glisirini au asidi ya hayaluroniki. Hivi vitu viwili vinavuta maji. Unaijua chumvi ya jikoni wakati wa masika, inavyolowa yenyewe kwenye kopo? Glisirini ina tabia hiyo hiyo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo inapata cha kuvuta. Hewa ikiwa kavu, kama Njombe au ofisi yenye kiyoyozi kikali, inaanza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yako, na mchana uso unakubana. Dawa yake ni kuifunika na losheni juu. Na ile glisirini ya chupa ya dukani usiipake tupu, inanata mpaka vumbi la barabarani linahamia kwako. Changanya matone machache na maji au na losheni kiganjani.

Kwa Dar losheni iwe ya jeli, ile nyepesi. Kisha sanskrini, mafuta ya kukinga jua. Ndiyo, hata sisi weusi. Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi, jua linayakoleza, halafu mnahangaika kuyafunika kwa konsila. SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 inazuia takriban asilimia 97 ya ile miale inayounguza, 50 inazuia kama 98, kwa hiyo usijinyime kula kwa ajili ya namba kubwa. Jipinde upake ya kutosha, vidole viwili vilivyojaa kwa uso na shingo. Faundesheni iliyoandikwa SPF haitoshi, hakuna anayepaka faundesheni nene kiasi hicho, na akipaka tutamcheka.

Halafu SUBIRI. Dakika kumi. Piga pasi gauni, bishana na dada yako, fanya lolote. Harusi ile ya Tabata sehemu kubwa iliharibikia hapa: nilipaka juu ya kitu ambacho hakijakaa. Ukirudi, chukua tishu, itenganishe uwe na karatasi moja nyembamba, ibandike usoni, ikandamize kwa kiganja, ibandue. Kilichobaki kwenye tishu ndicho kingekuharibia siku.

---

MzeeWaKiti

Nimepita kwa amani nimeshindwa kutoka. Niru! Dada umenishika pabaya, mimi ni fundi.

---

UziBilaPichaHaunogi

Picha ziko wapi?

---

BintiPoda

Nyuso za wateja si zangu za kusambaza. Uso wangu mwenyewe sasa hivi una manjano. Soma tu.

Faundesheni. Hapa watu wengi wanapaka kwa huruma, wanaogopa chunusi isionekane. Acha ionekane kidogo! Uso wa umande ni uso ambao ngozi bado inaonekana. Nusu ya unachotumia kila siku inatosha. Anzia katikati, pembeni mwa pua na mashavu ya ndani, sukuma kwenda nje mpaka iishe yenyewe kabla ya kufika kwenye nywele. Sponji iwe imeloweshwa na kukamuliwa, na unagonga, huburuzi. Penye doa gonga konsila juu ya doa lenyewe, usifunike shavu zima kwa sababu ya doa moja.

Kuna jambo wauzaji hawakwambii. Praima (ile inayotangulia chini ya faundesheni) yenye silikoni nyingi na faundesheni ya maji hazipatani. Baada ya saa moja faundesheni inajikusanya, inaacha visiwa. Geuza chupa usome viambato: majina yanayoishia na -cone au -siloxane, kama dimethicone, ni silikoni. Yakiwa mwanzoni mwa orodha ujue ni nyingi, maana viambato vinapangwa kuanzia kilichozidi. Praima ya silikoni iende na faundesheni ya silikoni. Au achana na praima, kwa uso wa umande losheni iliyokaa vizuri inatosha. Miezi mingi sijanunua praima wala sijaikumbuka.

Namba ya faundesheni pima kwenye taya, mlangoni, kwa mwanga wa jua. Usipime mgongoni mwa kiganja chini ya taa ya duka. Tangu Fenty Beauty ya Rihanna itoke na namba 40 mwaka 2017, kampuni nyingine zimelazimika kutukumbuka, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuwa na uso wa mtu mmoja na shingo ya mwingine.

Blashi (rangi ya mashavu) na hailaita ziwe za krimu, na zitangulie poda. Krimu ukiipaka juu ya poda ni samli juu ya unga, unapata madonge. Ukishamaliza krimu zote, ndipo chukua poda kwa brashi NDOGO. Katikati ya paji, pembeni mwa pua, kidevu, na kidogo sana chini ya jicho. Achana na lile pafu kubwa. Juu ya mfupa wa shavu usiguse. Mgongo wa pua acha mstari mwembamba. Hapo unapata uso unaong'aa mahali mwanga unapotakiwa kuangukia, na mkavu mahali mafuta yanapotokea. Mtu akikuona hajui umefanya nini, anadhani umelala vizuri.

---

MzeeWaKiti

Naomba niongeze la kifundi. Ukuta wenye mabonde ukiupiga rangi ya mafuta ile ya kung'aa, kila bonde linasoma. Upige rangi isiyong'aa, mabonde yanajificha. Wateja wanatulaumu sisi kumbe ni lipu mbaya. Sasa uso wenye chunusi si utakuwa vilevile?

---

BintiPoda

Mkuu njoo tufungue saluni. Ndivyo ilivyo kabisa! Hailaita ikianguka juu ya kipele, kipele kinakuwa mlima wenye theluji. Mwenye chunusi mashavuni, mng'ao wake uhamie juu, kwenye ncha ya mfupa karibu na pembe ya jicho, penye ngozi tambarare. Na mfupa wa bega, na midomo kwa lipshaini. Si lazima kila uso ung'ae sehemu zilezile.

---

Shamim_wa_Mvita

Asalaam aleikum. Uzi mtamu, lakini nimesoma mpaka chini sijaona mtu kutaja singo. Huku pwani bi harusi hung'arishwa kabla hata hajaona brashi. Siku kadhaa kabla, somo wake, yule mama anayemfunda, anamsinga kwa liwa, yasmini, mlangilangi, mawaridi, mrehani, vyote vimepondwa pamoja na kulowekwa kwa marashi. Anasuguliwa mwili mzima taratibu. Bibi yangu alikuwa akisema mwari akitoka ndani lazima anukie kabla hajaonekana. Ukimpaka hiyo faundesheni yako baada ya singo utatumia robo tu.

---

BintiPoda

Waaleikum salaam dada Shamim. Umenifunga, ni kweli, na nimeona kwa macho. Nilipamba bibi harusi wa Tanga aliyekuwa amesingwa siku nne. Mikono yangu ilikuwa haina kazi. Niligonga konsila sehemu mbili, blashi, basi. Ukirudi kwenye hesabu ya sakafu, singo ndiyo niru yenyewe.

Nina angalizo moja tu: wanaotaka kuanza singo siku moja kabla ya harusi wakati ngozi yao haijawahi kuonja mlangilangi. Jaribu kwanza ndani ya mkono, penye mkunjo wa kiwiko, subiri siku mbili. Maua nayo yanawasha watu. Usoni mguso uwe mwepesi kuliko miguuni.

---

Shamim_wa_Mvita

Hilo sikatai. Na anayesinga awe mtu mzima anayejua, si rafiki aliyeona kwa simu.

---

Mpiga_Picha_wa_Ukumbini

Nimeitwa na rafiki yangu nije nisome. Kwa niaba ya wapiga picha wote nasema asante kwa hilo la paji la uso. Paji likiwa na mafuta na flashi ikalipiga, pale panakuwa peupe tupu, hakuna rangi iliyobaki ya kuokoa hata ukae kwenye kompyuta usiku kucha. Mashavu yaking'aa kwa pembeni ni raha, yanaupa uso umbo. Paji, hapana.

La pili, zile poda nyeupe laini sana za kumalizia, zenye silika, na bidhaa zenye titani dayoksaidi nyingi. Kwa macho hazionekani kabisa. Flashi ikipiga, chini ya macho panatokea weupe kama mtu kapigwa unga. Bibi harusi anajua siku anapopokea albamu. Mwambieni mpambaji akupige picha moja kwa simu, flashi imewashwa, chumba kina giza, KABLA hamjatoka nyumbani.

---

BintiPoda

Weka msumari hapo. Mimi hicho kipimo ni lazima, simtoi mtu bila picha ya flashi.

Na umenikumbusha rangi ya hailaita. Ule unga unaometa kwa kawaida ni maika, madini yenye vipande bapa kama magamba ya samaki, yaliyopakwa titani dayoksaidi au oksaidi ya chuma. Ikipakwa titani inatoa rangi ya fedha, na rangi ya fedha kwenye ngozi nyeusi ni majivu, samahani. Ya chuma inaleta dhahabu, shaba, rangi ya asali. Maji ya kunde chukua dhahabu. Mweusi kabisa chukua shaba au ile nyekundu nyekundu kama sufuria ya zamani, utajishangaa. Na isiwe na chenga zinazoonekana moja moja. Umande hauna chenga. Chenga ni za pambo la Krismasi.

---

Dada_wa_Muscat

Salamu kutoka Oman. Huku tatizo langu ni la pande mbili. Ndani kiyoyozi kutwa, uso unakauka, faundesheni inapasuka pembeni mwa mdomo. Nikitoka nje kiangazi, miwani inaingia ukungu papo hapo na uso unatiririka. Mimi ni Njombe au ni Dar?

---

BintiPoda

Hahaha, wewe ni Njombe yenye mlango wa kutokea Dar. Andaa ngozi kama ya Njombe: seramu, halafu losheni nzito kidogo, usiruke. Mekapu iwe kama ya Dar: nyembamba, poda kwa brashi ndogo sehemu nne tu. Pembeni mwa mdomo usiweke poda kabisa, ndipo uso unapojikunja ukiongea. Ikishapasuka usiongeze faundesheni juu. Gonga kwa kidole safi chenye tone la losheni, inarudi. Ukitoka nje, tishu kwanza.

Maji ya waridi ya kunyunyiza yanasaidia ofisini, lakini yakikauka tu bila kitu kingine unabaki mkavu kuliko mwanzo, kwa hiyo yawe na glisirini kidogo. Ukichanganya mwenyewe nyumbani weka kwenye friji na umalize ndani ya siku chache, hayana dawa ya kuzuia bakteria. Spirei ya kufungia ya dukani ni kitu kingine, ile inaacha utando mwembamba unaoshika mekapu. Wengi wanachanganya hizi mbili, halafu wanalalamika maji ya waridi hayajashika.

---

Neema_asiyechelewa

Mimi sina hela ya seramu. Nina elfu ishirini na sendofu ya dada yangu ni Jumamosi ijayo. Nisaidieni, uso wangu ni wa mafuta balaa, saa nne asubuhi unaweza kukaangia yai.

---

BintiPoda

Neema mpenzi, una mtaji tayari usoni, tulia. Glisirini ya dukani, chupa ndogo. Losheni yoyote nyepesi uliyozoea, USIBADILISHE wiki hii. Poda ya namba yako. Tishu. Konsila kama itabaki hela, na ile konsila ndiyo faundesheni yako. Lipstiki uliyonayo, ya wekundu au kahawia, gonga kidogo shavuni kwa kidole, hiyo ni blashi ya krimu. Hailaita yako ni Vaseline, kiasi cha punje MOJA ya mchele kwa mashavu yote mawili, juu kabisa ya mfupa, mwisho wa kila kitu. Ukizidisha itayeyuka na kubeba konsila yote iteremke nayo.

Na mwenye ngozi ya mafuta asiache losheni kwa kuogopa. Uso mkavu juu na mafuta chini ndio unaotoa yale mabaka. Mafuta ya nazi kaa nayo mbali usoni wiki hii, kwa wenye chunusi yanaziba vinyweleo. Yapake magotini.

---

Mrembo2000

Jamani mbona mnajitesa? Mimi kuna krimu nachanganyiwa dukani, sitaji wapi. Mwezi wa tatu sasa nang'aa mwenyewe bila mekapu, ngozi kama kioo, na nimekuwa mweupe kidogo. Ila nauliza tu, kuna vimishipa vyekundu vimeanza kuonekana mashavuni, na nikipita juani panawaka. Ni kawaida, ngozi inazoea?

---

Mfamasia_wa_Zamu

Dada Mrembo, nakujibu kwa upole kwa sababu umeuliza. Si kawaida.

Mikorogo mingi inachanganywa na steroidi kali, mfano klobetasoli, ambayo ni dawa ya magonjwa ya ngozi kama pumu ya ngozi na inatakiwa itumike kwa muda mfupi, kwa maelekezo, na usoni kwa tahadhari kubwa. Ukiipaka kila siku ngozi inakonda. Ngozi iliyokonda inakuwa laini, inang'aa kama karatasi ya nailoni, na mishipa ya chini inaonekana. Huo mng'ao unaousifia ni ngozi inayopungua. Mingine ina haidrokwinoni au zebaki, na zebaki haiishii usoni, inaingia mwilini na kuumiza figo. Vyote hivyo haviruhusiwi kwenye vipodozi hapa Tanzania. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, kwa hiyo kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato lisikuguse.

Sasa sikiliza: usiache ghafla ukakaa kimya nyumbani. Kwa aliyetumia steroidi miezi mitatu, uso unaweza kuvimba, kuwaka na kutoa vipele, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye mkorogo wakidhani ndio dawa. Nenda kliniki ya ngozi na hilo kopo mkononi. Muhimbili ipo. Mkiwa Kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda nzima tangu 1992. Hawatakucheka, wanaona kesi kama yako kila siku.

---

Mrembo2000

Sikujua. Nilidhani ni dalili inafanya kazi.

---

BintiPoda

Pole shosti. Hujatukosea, waliokosea ni waliokuuzia. Nenda wiki hii hii, usisubiri mshahara.

Niseme na la kazi yangu. Bibi harusi wa mkorogo namjua nikimgusa tu, sponji inavuta ngozi kama ya mtoto mchanga na jicho linamtoka machozi. Wapambaji wenzangu mnaowapakia watu hivyo hivyo kwa sababu "mteja ndiye anataka", na wengine mnawauzia kabisa krimu za kuchanganya pembeni, mimi siwezi kuwachekea. Mng'ao niliouandikia uzi huu hauna uhusiano na weupe. Mtu aliyeng'aa kuliko wote niliowahi kupamba alikuwa mweusi tii, Mmatumbi, mpambe si bibi harusi, na MC alimsahau bibi harusi dakika tano nzima.

---

UziBilaPichaHaunogi

Hapo ndipo nilipoitaka picha.

---

Kibabu_cha_Ilala

Mimi mke wangu akipaka haya mambo namwambia tu amependeza, ili tuwahi. Ila swali la kweli: sisi wanaume siku ya harusi tunang'aa paji kama dafu. Tufanyeje?

---

BintiPoda

Babu yangu, tishu. Nawa uso, losheni nyepesi, subiri, tishu, halafu poda isiyo na rangi, kidogo sana, paji na pua tu. Hakuna atakayejua. Na leso safi mfukoni, unakandamiza, husugui. Ukisugua jasho unalihamisha tu.

---

Neema_asiyechelewa

NIMERUDI. Sendofu ilikuwa juzi Jumamosi, ukumbi wa Kinondoni, AC iligoma saa mbili usiku tukabaki na feni. Nimefuata kila kitu. Glisirini matone matatu na losheni, nikasubiri huku nampigia pasi gauni bibi harusi mtarajiwa, tishu, konsila, lipstiki shavuni, poda sehemu nne, Vaseline punje moja (nilipima na mchele kweli, mama akaniuliza nafanya uganga gani).

Tishu nimetumia nne usiku mzima. Shangazi wa upande wa bwana harusi kanishika shavu kaniuliza napaka nini, nikamwambia maji. Hakuamini. Picha zimekuja leo, uso uko vizuri ila zile za karibu, ile kona ya pua inapoungana na shavu, pande zote mbili, panawaka kama taa ya bodaboda. Nilikosea wapi?

---

BintiPoda

Hukukosea, brashi yako haikufika. Ile kona kila mtu anaisahau. Chukua brashi ya kupakia rangi ya jicho, ile yenye ncha ndogo, chovya poda, kung'uta, halafu vuta shavu pembeni kwa kidole uingie ndani kabisa ya kona. Huna hiyo brashi? Pamba ya masikioni.

Na hongera, dada yako kaolewa wapi?

---

Neema_asiyechelewa

Njombe dada. Harusi yenyewe ni Julai.

---

BintiPoda

Basi sahau nusu ya nilichokwambia, njoo inboksi.